Naomba ushauri: maji ya chokaa kwa jaribio la pumzi

Hamjambo wenzangu. Niko Kayole, Nairobi. Jana binti yangu kaniuliza: "Baba, kama tunatoa kabonidayoksaidi, mbona mtu aliyezama hupuliziwa pumzi mdomoni?" Nikamweleza kwamba hewa tunayovuta ina oksijeni kama 21%, na tunayotoa bado ina karibu 16%. Kabonidayoksaidi ndiyo hupanda, kutoka 0.04% hadi karibu 4%. Hakuamini, kichwa kigumu kama cha mamake. Sasa nataka ayapulizie maji ya chokaa kwa mrija ayaone yakigeuzwa meupe kama maziwa na hiyo kabonidayoksaidi. Je, chokaa ya kupaka ukuta, ile ya hadiwea, itafaa? Nayo niichuje vipi? Nahofia pia asije akayanyonya yakamchoma mdomo.