Mbolea ya mlonge: mboji au ya dukani? Tupeane uzoefu

Mtu wa Uwandani: Asalaam alaykum. Leo nimepita shamba la mtu huko Makunduchi, mlonge umejaa majani mpaka matawi yanainama, mwenyewe ananambia hajatia hata punje ya yurea, ile mbolea ya dukani, mboji tu. Wangu mie hapa uwandani, ardhi ya mawe matupu, ni vijiti. Wenye mlonge wa majani tupeane uzoefu.

Bi Ukutani: Mlonge hautaki mbolea bwana. Bibi yetu Jambiani alikuwa nao uani, hakutia kitu, tumekula mchuzi wa majani yake mpaka tumeolewa.

Kijana wa Wete: Huo wa mchuzi bi mkubwa. Ukiwa unakata kila baada ya wiki kadhaa ukaushe uuze unga, kila mkato unaondoka na rutuba, na uwandani udongo wenyewe wa kuchota kwa vidole. Yurea ina naitrojeni 46 kwa mia, tia kidogo baada ya kukata na ardhi iwe na maji. Lakini ifukie! Mawe ya uwandani yana chokaa, ukiiacha juu inapanda hewani, ukisikia harufu ya mkojo ujue ndo pesa yako hiyo inakwenda.

Mama Shamba: Kufukia muhimu, kweli kabisa

Mpemba Asili: Nyie mnaongea yurea, mie nikiona ndoo yake tu moyo unanidunda. Msimu wa vuli jirani huku Micheweni kaikoroga kwenye ndoo ya rangi, kaiacha chini ya mlonge kaenda kuswali adhuhuri. Ng'ombe wetu jike, ana mimba, kamba imekatika na jua lile kaona maji kanywa mpaka kalamba ndoo. Mie ndo nilomkuta, masikio yanamtetemeka, mapovu mdomoni, tumbo limefura upande wa kushoto anajipiga mateke. Nikapiga ukelele watu wakaja kila mmoja na lake, huyu anasema jicho, huyu mpeni maziwa, shemeji kashafata kisu eti tuwahi nyama, baba kamkamata mkono kasema nyama ya sumu simlishi mtu. Tunabishana hivyo hivyo ng'ombe kaanguka, laasiri haijaadhiniwa kashakufa. Jirani akija anasema nini? Kamba yenu hiyo.

Kidole: Kamba yenu kweli jamani 😂

Mpemba Asili: Ungekuwa wako usingecheka.

Bi Ukutani: Pole mwanangu. Huyo jirani alipe!

Kijana wa Wete: Alipe kwa lipi? Ng'ombe kaingia shamba la mtu

Bi Ukutani: Ndoo ya sumu haina kifuniko we unatetea?

Mzee wa Mifugo: Ng'ombe aliekunywa yurea ananyweshwa siki na maji baridi mengi, mapema, huku daktari wa mifugo anaitwa. Maziwa si dawa yake.

Kidole: Siki hii ya achari?

Mzee wa Mifugo: Hiyohiyo. Lita kadhaa, si kikombe.

Mama Shamba: Turudini kwenye mlonge basi. Mie nalaza samadi, majani ya mgomba, jivu kidogo, na mwani nilouosha chumvi. Nachomeka kijiti katikati ya lundo, nikikichomoa kimoto hakishikiki ndo nageuza. Ukitia mbichi unaita mchwa, na ya kuku mbichi inaunguza mizizi.

Kidole: Mwani hauoshwi, mvua inauosha

Mama Shamba: We umepanda mlonge?

Kidole: Mchicha.

Kijana wa Wete: Mboji shimoni wakati wa kupanda, yurea baadae. Vyote viwili, ugomvi wa nini? Ila anaetaka mbegu asizidishe yurea, atapata majani matupu. Na bonde la mpunga usipande, maji yakituama mizizi inaoza.

Mtu wa Uwandani: Nasikia Pemba mnatia na makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ya bure?

Mpemba Asili: Ya bure wapi, yanauzwa yakakamuliwe mafuta. Tafuta majani ya mgomba.