AOA Black hawakushindwa, walizimwa. Acheni kuwatumia kama ushahidi

Wakuu, habari za humu. Leo sina salamu ndefu, nina povu, na ninaomba asiyependa kusoma uzi mrefu apite kimyakimya.

Juzi tena kwenye mjadala wa bendi za wasichana wa Korea kaja mtu na ile hoja iliyochacha: wasichana na magitaa haviuzi, kampuni ya FNC walijaribu na AOA Black mwaka 2013, wakaona, wakaacha. Watu wakagonga laiki mpaka nikashangaa. Hivi nyie mnaogonga hizo laiki, mnajua hilo jaribio lenyewe lilichukua muda gani? Au mmesikia tu mtu kasema na nyie mkasema?

Kwa wasiowajua. AOA ilitoka tarehe 30 Julai 2012 chini ya FNC Entertainment, wimbo wa kwanza "Elvis". Walikuwa wanane. Saba walikuwa wa kuimba na kucheza, na wa nane, Youkyoung, alikuwa mpiga dramu. Kwenye hadithi yao ya malaika walioshuka duniani, yeye akapewa cheo cha nusu malaika, nusu binadamu. Ukikiweka cheo hicho kwa lugha ya kazini, maana yake ni kwamba wenzako wakipanda jukwaani kucheza wewe unabaki nyuma, siku ya bendi ndiyo unaitwa. Tangu siku ya kwanza kampuni ilikuwa inalinadi kundi hili kuwa lina sura mbili, ya kucheza na ya kupiga vyombo. Hakuna shabiki aliyewaomba. Waliahidi wenyewe.

Julai 2013 sura ya pili ikatolewa kivyake, ndiyo AOA Black. Jimin gitaa, Choa gitaa, Yuna kinanda, Mina besi, Youkyoung dramu. Wimbo "MOYA", pop ya magitaa ya msimu wa joto, nyepesi, yenye kiitikio kinachong'ang'ania kichwani hata hutaki. Siyo wimbo wa karne, na sijaja hapa kusema ni wimbo wa karne. Ni singo ya kwanza ya bendi changa, na singo za kwanza za bendi changa ndivyo zilivyo.

Oktoba mwaka huohuo AOA wakarudi na "Confused". Watu saba. Dramu hakuna, besi hakuna, magitaa yameenda stoo.

Sasa hesabu kwa vidole: Agosti, Septemba, Oktoba. Singo moja. Albamu ya bendi hakuna, singo ya pili hakuna, na mpaka leo hakujawahi kutoka kingine chenye jina la AOA Black. Hilo ndilo mnaloliita "walijaribu"? Unapanda mahindi, mvua ya kwanza haijakatika umeshayang'oa, halafu unazunguka kijiji kizima kutangaza kwamba udongo wako mbovu!

Na kinachonipandisha hasira zaidi ni kwamba kampuni hii haikuwa ngeni kwenye bendi. Ingekuwa kampuni ya kucheza na kuimba tu ningesema bahati mbaya, hawakujua. FNC ndiyo nyumba ya bendi! Bendi yao ya wavulana FT Island walitoka 2007, mwaka uliofuata wakapelekwa Japani kuanza upya kwenye kumbi ndogo. CNBLUE, wavulana pia, walipelekwa Japani 2009 kabla hata Korea haijawajua, wakapiga barabarani, wakatoa kazi za indi (za kujitegemea, bila lebo kubwa), wakazoea kusikia mtu akipita bila kusimama, ndipo Januari 2010 wakarudishwa nyumbani na kulipuka. Njia ya kupika bendi walikuwa nayo jikoni, imeandikwa, imejaribiwa mara mbili, na ilifanya kazi.

Subirini, kuna ya tatu. N.Flying, kampuni ileile. Oktoba 2013, mwezi uleule ambao wasichana walikuwa wanavuliwa magitaa, vijana hawa walikuwa Japani wanatoa singo yao ya indi. Korea wakatoka rasmi Mei 2015. Wakahangaika. Nyimbo zikapita kimya. Hakuna aliyesema wavulana na bendi haviuzi. Walivumiliwa mpaka "Rooftop", iliyotoka Januari 2019 na kupanda taratibu wiki baada ya wiki mpaka ikafika kileleni mwa chati. Kuanzia ile singo ya Japani mpaka hapo ni zaidi ya miaka mitano. Nimefurahi kwa ajili yao, ni bendi nzuri na uvumilivu ule ulikuwa halali yao. Ila wasichana walipewa majira ya joto mamoja, na siku ya kutoa hukumu mnawapima kwa mizani ileile!

Kuna wanaosema "walikuwa wachezaji tu wamevishwa magitaa." Sawa, tuzungumze. SCANDAL wa Osaka mnawajua? Wasichana wanne walikutana shule ya kuimba na kucheza, 2006. Shule ya kucheza, narudia. Wakashika vyombo pale, wakajifunza pale, wakaenda kupiga wazi kwenye bustani ya ngome ya Osaka, mbele ya wapita njia. Wanne walewale wakadumu pamoja miaka mingi, na Guinness wakawaandika kwenye kitabu kwa kudumu muda mrefu bila kubadilisha mtu. Hakuna aliyezaliwa na besi mgongoni. Mpiga chombo anatengenezwa na kupiga, na kupiga kunataka mahali pa kupigia. AOA Black walipewa mahali gani?

Walipewa televisheni. Hapa naomba mnivumilie kidogo maana hiki kipande ndicho watu wa huku hawakijui.

Vipindi vya muziki vya Korea, Music Bank, Inkigayo, M Countdown, Music Core, kwa kawaida havipigi bendi laivu. Kipindi kimoja kina wasanii zaidi ya kumi, kila mmoja dakika chache, mapambo ya jukwaa yanabadilishwa mbiombio. Kuweka maikrofoni kwenye dramu peke yake, kusawazisha besi, kusikiliza gitaa kama halipigi kelele za ajabu, hiyo ni kazi ambayo kipindi hakina muda nayo. Kwa hiyo inapigwa rekodi, na wapiga vyombo wanaigiza kwa mikono. Waya hazijachomekwa popote. Ni pleibeki ileile ambayo sisi tunawazomea wasanii wetu kwayo, tofauti yake ni kwamba hapa hata mpiga dramu yuko kwenye pleibeki.

Tena kuna historia. Tarehe 30 Julai 2005, kipindi cha Music Camp cha kituo cha televisheni cha MBC, mubashara kabisa, bendi ya panki iko jukwaani na wageni wake wawili wakavua suruali mbele ya taifa zima. Kipindi kikafungwa, na kwa miaka mingi baadaye bendi za mitaani zikaonekana mkosi kwenye televisheni. (Miaka saba kamili kabla ya AOA kutoka, tarehe ileile. Nimecheka peke yangu nilipoligundua hilo.)

Mkitaka kujua uigizaji huu ulifika wapi, ulizeni kisa cha CNBLUE na Crying Nut. Mwaka 2010, msimu wa Kombe la Dunia, CNBLUE walipandishwa M Countdown wakaigiza juu ya rekodi ya bendi nyingine, Crying Nut. Crying Nut wakaenda mahakamani 2013, mwaka uleule wa "MOYA". Yaani hata bendi iliyotoka barabara za Japani, ikiingia studio ya televisheni inafanywa midoli.

Sasa chukua wasichana watano, waweke kwenye jukwaa hilohilo lisilo na umeme kwenye gitaa, kamera iende usoni kwa Choa, irudi kwa Jimin, dramu ionekane kidogo kwa nyuma, halafu andika chini ya video: "wanaigiza, siyo bendi ya kweli." Wewe uliyewanyima waya unawauliza mbona hawasikiki? Ingekuwa kuna kumbi ndogo za wiki nzima, jasho, nyuzi zinakatika, mtu anakosea anaanza upya, hapo tungekuwa na la kubishania. Bila hayo mnabishana na rekodi ya studio.

Nirudi kwa Youkyoung maana yeye ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu.

Wanne wengine walikuwa na pa kurudi. Bendi ilipokufa wakavaa viatu virefu wakaendelea kucheza, na maisha yakawa mazuri. Yeye je? Yeye aliajiriwa kwa ajili ya dramu. Kundi likitoa kazi ya kucheza hayumo, na kuanzia Oktoba 2013 kundi halikutoa kazi nyingine isipokuwa ya kucheza. "Miniskirt" hayumo. "Short Hair" hayumo. "Like a Cat" hayumo. "Heart Attack" hayumo. "Good Luck" hayumo. Jina lake limebaki kwenye orodha ya kundi kana kwamba kuna siku ataitwa, na sisi mashabiki tunaulizana kila tangazo jipya likitoka, je, safari hii? Oktoba 2016 mkataba wake ukaisha, akaondoka. Januari 2017 AOA wakatoa albamu yao ya kwanza kamili ya Kikorea. Mpiga dramu hakukaa hata kuiona.

Miaka mitatu mtu yuko benchi, na benchi lenyewe halina mechi! Kama hamna mpango na bendi, mwachilieni akatafute bendi. Kama mna mpango, toeni hata wimbo mmoja. Mpiga dramu kijana akikosa jukwaa miaka mitatu, nani atamrudishia umri huo?

Najua mtakuja na "Miniskirt", na mna haki. Januari 2014, mkono wa mtayarishaji Brave Brothers, Februari wakachukua ushindi wao wa kwanza Inkigayo. Ni wimbo mzuri, nausikiliza mpaka kesho. "Like a Cat" ndiyo usiseme. Kibiashara FNC hawakukosea kuifuata njia ile, wangekuwa wajinga kuiacha. Ninachouliza ni kwa nini njia moja ilihitaji kuua nyingine. Wakati "Miniskirt" inaleta hela ndipo hasa ulipokuwa wakati wa kuipa Black singo ya pili, ukumbi wa watu mia tatu Seoul, wiki mbili Japani. Wasingefilisika. Kundi lilikuwa na jina, walichotakiwa kufanya ni kuchomeka waya.

Halafu tazama yaliyofuata. Agosti 2015 kundi la wasichana la Wonder Girls wakarudi na vyombo, "I Feel You", Sunmi kwenye besi, Yubin kwenye dramu. Wakachekwa vilevile kwamba wanaigiza. Mwaka uliofuata wakatoa "Why So Lonely", ambayo wenyewe walishiriki kuitunga, ikaenda namba moja Korea. Njooni 2023, QWER wakatoka, wasichana wanne na vyombo vyao, na 2024 "T.B.H" ikapigwa kila kona. DAY6, bendi ya wavulana, nao wakawa wimbo wa taifa. Leo kila mchambuzi anaandika kuhusu "kurudi kwa bendi" kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. FNC walikuwa na besi, dramu, kinanda na magitaa mawili mikononi mwa wasichana watano mwaka 2013, wakayafungia kabatini baada ya msimu mmoja, na bado kuna mtu humu anatuambia kosa ni la wasichana.

NYONGEZA: Naona kuna waliojibu bila kusoma, kwa hiyo naweka hapa hapa.

Aliyesema kundi dogo la AOA lilikuwa AOA Cream: Cream ni 2016, Yuna, Hyejeong na Chanmi, "I'm Jelly Baby". Hakuna dramu pale, usituchanganyie. Ila asante kwa kunikumbusha, maana nalo lilitoa singo moja likapotea. Tabia haina dawa.

Mnaoleta mambo ya 2020 (zile tuhuma za uonevu ndani ya kundi), nyuzi zake zipo na ni mambo mazito ya watu. Hapa tunazungumzia 2013.

Mkuu uliyeuliza kama nina uhakika walikuwa wanajua kupiga: swali zuri, na ndiyo maana nimekasirika, kwa sababu televisheni haiwezi kulijibu. Mwenye rekodi yoyote ya AOA Black iliyopigwa nje ya vile vipindi vinne, tukio la mashabiki, tamasha, hata ya simu ya mtu aliyesimama nyuma kabisa, aiweke hapa chini. Ya Inkigayo msinitumie, nimeshaiona.