MREJESHO: Bodaboda aliyemsaidia mama stendi ya Nzuguni

Wakuu, niliuliza nitampataje bodaboda aliyemkimbiza mama hospitali kutoka stendi kuu ya Nzuguni, Dodoma, akagoma kuchukua nauli. Asanteni sana, amepatikana!

Aliyesema niende kijiweni kwao nimuulize mwenyekiti ndiye aliyenisaidia. Mama alikumbuka helmeti nyekundu yenye ufa. Wakacheka, wakamwita papo hapo. Ushauri wa kutangaza redioni sikuujaribu, ningevuta matapeli tu. Pesa alikataa tena kama mlivyonionya, ila zabibu za Hombolo alipokea, na baada ya kubishana sana akakubali nimjazie mafuta.

Yule dada muuza maji aliyebaki na mizigo ya mama bado sijampata. Wenzake wanasema kahamia Manyoni. Anayemfahamu anishtue.