Saa ya mkononi inampunja mama hatua zake

Binti_wa_Mwanga:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Kila asubuhi ninatembea na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kutoka Mwanga kuelekea Ujiji, nasi sote tumevaa saa za aina moja zinazohesabu hatua. Hatua za mama ni fupi kuliko zangu, kwa hiyo katika njia ileile ilipasa apate nyingi zaidi, lakini jana saa yangu ilisoma 4,310 na yake 2,780. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amempangia idadi ya hatua za kila siku, naye huongeza mzunguko ili aifikie, kisha anarudi amechoka kupita kiasi. Je, saa yake ni mbovu? Mwanangu anayekimbia jioni anasema yake haikosei.

Mwalimu_Fizikia:
Dada, huenda saa ni nzima. Ndani yake hakuna kinachouona mguu. Kuna kihisi kidogo kinachopima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika ghafla, katika pande tatu, na programu inayotafuta mitikiso inayojirudia kwa mpangilio. Anayekimbia hukanyaga kwa kishindo, hivyo kila hatua yake hujitokeza wazi. Anayetembea taratibu, hasa chini ya kilomita 3 kwa saa, hutoa mtikiso hafifu ambao programu huutupa. Tena programu nyingi husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuhesabu, ili anayesonga ugali asionekane anatembea. Basi mzee anayesimama mara kwa mara kusalimiana na watu barabarani anaweza kupoteza hatua kila anapoanza upya. Naomba kuuliza: mkono wake wenye saa huwa umeshika nini?

Binti_wa_Mwanga:
Mwalimu, mkono huo huwa nimeushika mimi, asije akajikwaa.

Mama_Dagaa_Kibirizi:
Pole mwanangu, hapo ndipo penye tatizo. Mimi hubeba beseni la dagaa kichwani kutoka mwaloni nikilishikilia kwa mkono wenye saa, na siku hizo saa huonyesha kana kwamba nimeshinda nimekaa. Nilipoihamishia kiunoni, ndani ya pindo la kanga, hesabu ilikaa sawa, ila ninaivua nikipanda bajaji, kwa sababu mashimo nayo huhesabiwa.

Mwalimu_Fizikia:
Ushahidi huo ni mzuri. Dada, tembea na mama hatua 100 ukizihesabu kwa mdomo, kisha uandike saa imesoma ngapi. Rudia saa ikiwa mkononi, kiunoni na kwenye kifundo cha mguu. Ikisoma karibu 50 kifundoni, yaelekea inahesabu mguu mmoja tu. Japani, ambako kipimahatua cha Manpo-kei kilianza kuuzwa mwaka 1965, kiwango cha viwanda huruhusu kosa la hatua 3 katika 100. Nakusihi usichukue pengo la siku moja ukalijumlisha kila siku, kwa kuwa mwendo wa mama hubadilika, na kosa hubadilika nao.

Binti_wa_Mwanga:
Tumejaribu asubuhi hii. Mkononi nikiwa nimemshika, saa ilisoma 41, nilipomwachia, 73, kiunoni, 95. Ninampelekea mtaalamu namba hizi ili apange upya, na nimemwomba mama aache ule mzunguko wa ziada kuanzia leo.