Nikiwa na mawazo, nyimbo za kuchangamka zinanikera. Nyie huwa mnaweka muziki gani?

Moyo_Mzito

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wale wanaopenda muziki kweli kweli, wa Kiafrika na wa watu weusi kwa ujumla, kuanzia rumba, dansi, taarabu, mbalax ya Senegal mpaka blues na soul na gospo ya kule Marekani, mi nasikiliza zote sichagui.

Iko hivi, kuna vipindi moyo unakuwa mzito tu, hakuna msiba wala ugomvi na mtu, naamka nimechoka, sitaki kuongea, kazi nafanya ila akili haipo. Kila nikimwambia mtu ananijibu weka ngoma za kuchangamka utakaa sawa. Naweka amapiano, naweka zile za klabu, dakika mbili nyingi nazima, tena nabaki na hasira kuliko mwanzo, ni kama mtu kanishika mashavu ananilazimisha nicheke. Halafu juzi ikapita redioni ile Mokolo Nakokufa ya Tabu Ley, nyimbo ambayo mtu anaiwaza siku atakayokufa, huzuni tupu mwanzo mwisho, na ilipoisha nikajikuta nimekuwa mwepesi, nikainuka nikaanza kufanya vitu nilivyoviacha toka asubuhi. Sijaelewa kabisa.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya, kwanini nyimbo ya huzuni inanitoa kwenye huzuni na ya furaha inanizamisha? Kinachofanya kazi ni maneno au mapigo? Na nyie mkitaka kujiinua mnapangaje, mnaanza na nini?

Solo_na_Rithim

Mkuu uko sawa kabisa, wala hauna tatizo lolote la ajabu. Wataalamu wa tiba ya muziki wanalijua hilo toka zamani, kuna daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani anaitwa Ira Altshuler aliliandika miaka ya 1940, kwamba mgonjwa mwenye huzuni usimpigie muziki wa shangwe moja kwa moja, mpigie kwanza unaofanana na hali aliyonayo, akishatulia ndani yake ndo unaanza kuubadilisha kidogo kidogo, kasi inapanda, sauti inang'aa, na yeye anapanda nao. Ukimrukisha anaona hujamsikia, anakasirika, kama unavyokasirika wewe.

Sasa kinachonifanya niupende muziki wetu mpaka leo ni kwamba huo mpango umo ndani ya nyimbo yenyewe, huna haja ya daktari kukupangia. Chukua rumba ya Kongo enzi za Franco na TPOK Jazz. Haianzi na fujo. Magitaa yanaingia taratibu, waimbaji wanalalamika mapenzi, usaliti, umasikini, kifo, wanakuacha ulalamike nao dakika kadhaa bila kukukatisha. Halafu pakifika mahali gitaa la rithim linakaza, gitaa la tatu la mi-solo linajipenyeza kati yake na gitaa la solo, waimbaji wanapisha, hapo ndo sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, imefunguliwa na we mwenyewe hukuona ilivyoanza, unastukia kichwa kinatikisika, mguu unapiga chini. Kwenye dansi ya Tanzania wanaita chemko. Huzuni haijafukuzwa wala kukanywa, imesindikizwa mpaka mlangoni. Nyimbo nyingi za santuri za zamani zilikatwa vipande viwili, upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene, kwa hiyo ukikuta mtu kaweka kwenye intaneti kipande kimoja tu tafuta na cha pili, vinginevyo utaachwa njiani.

Na rumba yenyewe ina historia ya machungu, midundo ya watu wa eneo la Kongo ilivuka bahari na watumwa ikafika Cuba, ikakaa huko vizazi na vizazi, miaka ya 1930 na 1940 ikarudi Afrika kwenye sahani za santuri, vijana wa Leopoldville (Kinshasa ya sasa) na Brazzaville wakaisikia wakaona hii mbona kama yetu. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, mi nilifurahi sana siku ile.

Kuhusu maneno au mapigo, msikilize Remmy Ongala na Super Matimila, ile Kifo. Anaongea na kifo uso kwa uso, maneno mazito, na gitaa linacheza chini yake bila kusimama. Yani maneno yanashika moyo, mapigo yanashika mwili. Vinafanya kazi pamoja.

Miguu_Juu

Mi napinga kidogo. Mwili kwanza. Mtu mwenye mawazo ukimwambia aanze na nyimbo za kifo anaweza asitoke humo. Mi nikiona nimekaa kitako zaidi ya inavyotakiwa naweka singeli, ile spidi inavuka mapigo 200 kwa dakika, hakuna akili inayoweza kuendelea kukumbuka madeni kwenye spidi hiyo. Sisikilizi, nacheza. Nyimbo mbili tu jasho linatoka, nikikaa tena mimi ni mtu mwingine. Na wewe Moyo_Mzito ulizima amapiano kwa sababu ulikuwa umekaa, ile haijatengenezwa kwa ajili ya kukaa, ina mapigo kama 110 hadi 115 hivi, inakwenda na mwendo wa kutembea kwa haraka. Vaa hedifoni utoke utembee nayo uone.

Solo_na_Rithim

Miguu_Juu hoja ya kutembea naikubali mia kwa mia. Ila ulichosema kuhusu nyimbo za huzuni kuna utafiti wake, Taruffi na Koelsch walichapisha mwaka 2014, waliwauliza watu zaidi ya 700 wanajisikiaje wakisikiliza muziki wa huzuni, na hisia iliyotajwa sana haikuwa huzuni, ilikuwa ile ya kukumbuka ya zamani kwa upendo, wengine wakasema utulivu, wengine kuguswa. Kwa hiyo si kila mtu anazama. Wapo wanaozama kweli, hao ndo waanzie kwenye miguu kama wewe.

Bibi_wa_Taarabu

Wanangu mmeongea vizuri, na mimi niseme la blues kwa sababu naona hamjaligusa. Watu wanaiita muziki wa huzuni, mimi siiti hivyo. Ilizaliwa kusini mwa Marekani kwa watoto na wajukuu wa watumwa, watu wa mashamba ya pamba, na ukisikiliza namna mashairi yake yalivyopangwa utaelewa walikuwa wanafanya nini. Mwimbaji anasema shida yake mstari wa kwanza. Mstari wa pili anairudia ile ile, kidogo tu kaigeuza. Wa tatu anaijibu. Ukiwa na jambo limekukaa kifuani unalisema mara moja halitoki, unalirudia, ukilirudia linaanza kupungua, na la tatu unaona umeshapata la kujijibu. Halafu gitaa nalo linamjibu kila akinyamaza, msikilizeni B.B. King, haimbi na kupiga kwa wakati mmoja, anaimba, akinyamaza gitaa ndo linaongea. Mtu mpweke anasikia kuna anayemwitikia.

Na kuitikiana huko ndo kwetu Afrika nzima, kwenye ngoma, kwenye taarabu ukumbi unavyojibu, na kwenye makanisa ya weusi kule. Aretha Franklin mwaka 1972 alikuwa nyota mkubwa wa soul tayari, akarudi kanisani Los Angeles usiku mbili akarekodi albamu ya gospo mbele ya waumini, na sauti za wale waumini zimebakizwa humo, wanapiga makofi, wanapiga kelele, wanamhimiza. Mimi nikiisikiliza peke yangu najiona nimekaa kati yao. Moyo_Mzito hiyo usiisikilize kwa sauti ya chini, na ukiweza itikia. Kuimba mwenyewe kunakunyoosha pumzi, unavuta ndefu unaitoa polepole, mwili unatulia hata kama sauti si nzuri.

Kisiwani_Sauti

Jamani Cesária Évora hajatajwa? Mi siijui Kikrioli cha Cape Verde ata neno na sijawahi kutafuta tafsiri makusudi. Nikiwa na mawazo yale maneno ya lugha ninayoielewa yananichosha, kila sentensi inanikumbusha kitu changu, lakini Cesária naipokea sauti tu. Sodade yake inaongelea waliokuwa wanaondoka visiwani kwenda São Tomé, hilo nilikuja kulisikia baadaye sana, ila ile hali ya kummisi mtu aliye mbali nilikuwa nimeshaisikia kwenye sauti kabla ya kuambiwa. Ni mama aliyejulikana dunia nzima akiwa ameshapita miaka 50, alikuwa anapanda jukwaani pekupeku. Mi nikimsikiliza najisemea bado mapema kwangu, na hilo tu lishanitosha siku nzima.

Kwa hiyo swali lako la maneno au mapigo, kwangu jibu ni la tatu, sauti ya mtu.

Moyo_Mzito

Wakuu mmenifungua macho, asanteni sana, na Bibi shikamoo. Nimesoma zote mara mbili. Sasa naomba mnisaidie jambo moja la vitendo, nikitaka kutengeneza pleilisti ya kama saa moja kasoro, naipangaje? Sitaki rundo la majina mia, nataka mpangilio tu.

Bibi_wa_Taarabu

Marahaba mwanangu.

Solo_na_Rithim

Mi yangu inakwenda hivi. Naanza na kitu kisicho na mwimbaji kabisa, kora ya Toumani Diabaté wa Mali, ala ya nyuzi 21 na mtu mmoja, hapo sihitaji kufanya lolote. Pili naweka huzuni yenyewe, ndo anakaa Cesária au Tabu Ley, na hapa sijibani, kama machozi yanakuja yaje. Tatu ndo daraja, na hapa ndo watu wengi wanaruka, unahitaji nyimbo inayoanza na huzuni ikaishia kwingine, rumba ndefu ya Franco yenye sebene kamili, dakika kumi na kitu usiikate. Baada ya hapo ndo naweza kupokea furaha, Brenda Fassie, Miriam Makeba, Youssou N'Dour na zile ngoma za sabar, au Fela Kuti wa Nigeria. Fela usimharakishe, nyimbo zake nyingi saksofoni na magitaa yanazunguka dakika nyingi kabla hajafungua mdomo, na chini yake kuna mpiga dramu wake Tony Allen, mikono na miguu kila kimoja kina kazi yake, mi huwa nafuata mguu wake tu wa besi, nikiufuata dakika tano mawazo yote yamekosa pa kukaa.

Kuna sababu ya kutokata nyimbo ndefu. Watafiti wa Montreal walichapisha mwaka 2011, waliwapima watu ubongo wakisikiliza nyimbo wanazozipenda, wakaona dopamini, kemikali ya raha ya ubongoni, inatoka pale utamu unapofika na pia kabla yake, wakati mtu anausubiri tu. Kuisubiri sebene nako ni dawa. Ukiruka mpaka penye utamu umejinyima nusu.

Miguu_Juu

Na mwishoni weka singeli moja, nisikilize mimi mara moja tu 😄 Au kama ni kubwa mno kwako basi Bill Withers, Lovely Day, pale karibu na mwisho anashika neno moja kama sekunde 18 bila kuvuta pumzi. Jaribu kwenda naye. Hutafika, ila utakuwa unacheka.

Kisiwani_Sauti

Naongezea kitu na nakisema kwa upendo. Moyo_Mzito umesema ni vipindi. Kama kikipita wiki mbili hakijaisha, usingizi hauji au unalala tu muda wote, chakula hakipiti, au yanakuja mawazo ya kwamba bora usingekuwepo, hapo usibaki na hedifoni peke yako, mwone daktari au mshauri nasaha, na mwambie mtu wako wa karibu siku hiyo hiyo. Muziki utakuwepo pembeni, lakini usiubebeshe kazi isiyo yake.

Moyo_Mzito

Nimekuelewa Kisiwani na nashukuru kwa kulisema wazi. Kwangu bado haijafika huko, ila nimemwambia dada yangu kwa sauti kwa mara ya kwanza, sikuwahi kumwambia.

Mrejesho: jana jioni niliufuata mpangilio. Kora sawa, Cesária nililia kidogo, na kwenye Franco sebene ilipoingia nilikuwa nimesimama sijui niliinuka saa ngapi. Singeli nimeshindwa mkuu nisamehe, nimeishia kwa Brenda. Ila nimegundua zile sauti zinazojirudia rudia kama kora zinanituliza kuliko kitu kingine chochote. Kuna nyingine za hivyo?

Solo_na_Rithim

Nenda Zimbabwe. Mbira, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole, ni hiyo hiyo kazi, tuni fupi inazunguka na kila mzunguko unasikia kitu ambacho mwanzo hukukisikia. Msikilize Stella Chiweshe, yeye na mbira yake na manyanga tu, aliipiga wakati ambapo wanawake wachache sana waliruhusiwa kuishika. Ukimaliza hamia kwa Thomas Mapfumo, hapo utasikia gitaa la umeme limezibwa nyuzi kwa kiganja linaigiza mbira, na ndo nyimbo walizozisikiliza watu wakati wa vita vya ukombozi miaka ya 1970. Anza na Stella usiku, Mapfumo mwekee asubuhi.