Kituo cha simu cha ofisi ya umma: programu huria au ya kulipia?

Fundi wa Laini: Wakuu, kuna hoja inazunguka kwamba mamlaka za maji na halmashauri ziache mifumo inayotoza ada ya kila mhudumu kila mwezi, zihamie Asterisk, programu huria ya kuendesha simu za ofisi kwenye kompyuta, kwa kuwa ni bure. Nimeihudumia Asterisk miaka sita, wahudumu 20, hapa Dar. Nasema zihamie. Neno "bure" ndilo nalipinga.

Mark Spencer aliianzisha Asterisk mwaka 1999 huko Marekani kwa sababu mtambo wa simu wa ofisi yake ulimshinda bei. Yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadili, na uzito wa ruhusa hiyo niliuona kwenye jambo dogo. Mfumo humtajia mteja idadi ya waliomtangulia kwenye foleni kwa kuunga vipande vya sauti: "watu", halafu namba. Matokeo yake ikawa "watu tano", "watu mbili". Wazee walikuwa wanakata simu. Tukarekodi upya, watu wawili hadi watu ishirini, mwenzetu akisoma ndani ya stoo tuliyoizungushia magodoro, kisha tukabadili mpangilio. Jioni moja, kazi imekwisha, bila kumwomba mtu kibali.

Na kila mteja aliyekata tamaa kabla ya kuhudumiwa huandikwa kwenye faili la foleni, pamoja na sekunde alizongoja. Ofisi ya umma haina pa kujificha hapo. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Sasa machungu. Ekstensheni 201, yaani namba ya ndani ya simu ya mhudumu mmoja, tuliiwekea nywila 201. Wezi hupekua poti 5060, mlango wa mtandao ambao simu za aina hii hupitia, usiku na mchana. Wikendi moja wakaingia, wakapiga namba za nje zenye gharama kubwa mpaka salio likaisha. Jumatatu asubuhi wahudumu wanapiga, simu hazitoki. Kosa lilikuwa letu, na hapakuwa na wa kumpigia kelele. Kuna rekodi za mazungumzo pia: dakika moja ya faili la sauti la WAV ni karibu MB 1. Wahudumu 20 wakiongea saa tano kila mmoja, ni kama GB 6 kwa siku. Asiyepanga mapema, diski humjaa.

Msimamizi wa Zamu: Fundi, nakuheshimu, ila kwetu fundi aliacha kazi akaondoka na nywila kichwani. Mwezi mzima ripoti nilikuwa naandika kwa kalamu, huku wateja wakinitukana mimi. Mfumo wa kulipia una mtu wa kumpigia. Mwananchi anayetaka kujua maji yatatoka lini, leseni inamhusu nini?

Fundi wa Laini: Pole sana dada, na hilo la fundi mmoja umelenga penyewe. Lakini kumbuka Elastix, mfumo huria wa simu uliojengwa juu ya Asterisk: mwaka 2016 ilipoingia mikononi mwa kampuni ya 3CX na kuacha kuwa huria, watumiaji walichukua msimbo wa zamani wakaanzisha Issabel, kazi ikaendelea. Mwenye mfumo wa kulipia akibadili bei au akifunga duka, wewe unabaki na nini? Ninachotaka ni fedha iliyookolewa kwenye leseni isirudi mfuko mkuu. Iajiri mafundi wawili, nywila zifungwe kwenye sefu ya ofisi, na seva ipate sasisho kwa ratiba. Halmashauri isiyoweza kulipa mafundi wawili, basi inunue huduma ya kulipia.

Wa halmashauri mliomo humu, bajeti yenu ina fungu hilo?