Mzigo wa mteja nauitaje kwa Kiingereza? Naombeni msaada

Binti wa Kurasini
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nipo ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, na barua pepe za wateja wa nje nazijibu mimi. Sarufi hainisumbui sana. Kinachonitesa ni nomino. Juzi nilimwandikia mteja "Your luggage has arrived". Ni kontena la futi 40, limejaa vigae. Akajibu kwamba yeye hajasafiri kwenda popote. Halafu zile gharama za mzigo kupitiliza siku bandarini nikaziita "fine". Akapiga simu kwa wasiwasi, anauliza amevunja sheria gani. Bosi aliisoma ile barua kwa sauti mbele ya wenzangu. Usiku ule usingizi haukuja. Kamusi inanipa maneno matano, yote "mzigo". Nachaguaje?

Mzee wa Gati
Marahaba binti yangu, na pole. Shehena tunayo kwa Kiswahili, ila mjini hapa begi ni mzigo, kontena ni mzigo, gunia kichwani ni mzigo. Kiingereza kimegawa. "Luggage" ni mabegi ya abiria. "Cargo" ndiyo shehena yenyewe, ya melini au ya ndege. "Shipment" ni mzigo wa mteja uliotumwa kwa mkupuo mmoja, na hilo ndilo neno lako. "Load" ni alichobeba mtu au lori. "Burden" ni ya kuelemewa.
Kwenye pesa, "fine" ni adhabu. Wewe ulitaka "storage charges". Ushuru wa forodha ni "duty", na mnachotoza nyie kwa kazi yenu ni "fee".

Ticha Mbagala
Dada, nomino usiikariri ikiwa peke yake, iandike na kitenzi chake: "clear a shipment", "pay duty". Nina daftari la hivyo tangu chuoni na bado naliongeza. Jambo jingine ni kuhesabu. Wanafunzi wangu wanaandika "informations" na "advices" kwa sababu kwetu kuna taarifa mbili, ushauri mwingi. Kamusi za wanafunzi huweka C kwa kinachohesabika, U kwa kisichohesabika. "Luggage" ni U, kwa hiyo "luggages" hakuna.

Mpokea Wageni
Mimi nilimuuliza mgeni aliyetoka uwanja wa ndege "How was your safari?" Akasema bado, Mikumi anakwenda wiki ijayo. Neno letu, lakini kwao limebaki na wanyama tu. Siku hizi nauliza "How was your flight?"

Binti wa Kurasini
Asanteni sana, nimeshaanza daftari. Mzee, mteja ana kontena mbili kwenye BL moja (bill of lading, ile hati ya kusafirishia shehena). Niseme "shipment" au "shipments"?

Mzee wa Gati
BL ikiwa moja, "one shipment, two containers". Andika hivyohivyo.